Nani Ataketi Hapa Kesho?

Mwaka 2011 niliajiriwa kwenye saiba moja ya Mashimoni, Kibera, kando ya njia inayoshuka kutoka Laini Saba. Kilikuwa chumba cha mabati chenye mashine sita za intaneti, printa moja na benchi la wateja wanaosubiri zamu. Bei ilikuwa shilingi moja kwa dakika. Nilikuwa na miaka 20, nimetoka kumaliza kidato cha nne. Kazi yangu ilikuwa kuwasha mashine, kupokea pesa, kuwaandikia barua pepe wasiozoea kibodi, na kuzima kila kitu haraka stima inapoanza kuchezacheza.

Mwenye saiba alikuwa mzee wa Kinubi kutoka Makina. Ukoo wake uliingia Kibera pamoja na wale askari wa King's African Rifles waliopewa makao hapa enzi za ukoloni, wakati pangali msitu. Nyuma ya meza yangu aliweka mkeka wake wa kuswalia, mkuukuu, umechanika pale magoti yanapotua. Adhuhuri ikifika aliutandika, akimaliza kuswali aliukunja na kuurudisha nyuma ya printa. Watoto wake walikuwa wamemnunulia msala mzuri wa rangi ya kijani. Aliuacha nyumbani kwa ajili ya wageni.

Asubuhi moja alinikuta nimeinamia mashine namba tatu. Kwenye kona ya skrini kulikuwa na kisanduku kidogo cha kijivu kilichosema kwamba toleo jipya la kivinjari liko tayari. Chini yake palikuwa na vitufe viwili: sakinisha sasa, au nikumbushe baadaye.

"Kinasema nini hicho, kijana?"

"Toleo jipya limetoka, Mzee. Tuliweke?"

"Hili tulilonalo lina ubaya gani?"

"Halina ubaya. Lakini hilo ni jipya."

"Usiache mbachao kwa msala upitao," akasema, akarudi kuhesabu karatasi za printa.

Nilibonyeza "baadaye". Kesho yake kisanduku kikarudi, na kesho kutwa kikarudi tena. Nami nilikuwa naumwa na upya. Machi ya mwaka huo peke yake Google ilitoa Chrome 10, Microsoft ikatoa Internet Explorer 9 na Mozilla ikatoa Firefox 4. Vijana wa saiba jirani walizungumza juu ya matoleo hayo kama watu wanavyozungumza juu ya wachezaji waliosajiliwa msimu mpya. Hata kuyapakua kulikuwa jambo la kujivunia. Miaka miwili nyuma, kabla ya kebo ya SEACOM kufika Mombasa Julai 2009 kupitia chini ya bahari, intaneti ya nchi hii ilitegemea satelaiti, na faili la megabaiti chache lilikuwa kazi ya usiku kucha. Sasa mlango ulikuwa umefunguka, na mimi nilitaka kupita.

Wahenga walishasema kipya kinyemi ingawa kidonda. Nilikuwa naijua methali hiyo tangu shule ya msingi, lakini niliijua kwa ajili ya mtihani.

Jumapili moja jioni Mzee alikwenda Makina kwenye arusi ya mpwa wake. Nikafunga mlango, nikaketi kwenye mashine ya kwanza, nikabonyeza "sasa". Ilipomaliza nikahamia ya pili, kisha ya tatu, hadi ya sita. Kila moja ilipakua faili lile lile upya, maana sikujua kwamba ningelipakua mara moja na kulihamisha kwa flashi. Nilipomaliza ya sita, bando la wiki nzima lilikuwa limekwisha kwenye modemu. Niliona ni gharama ya maendeleo. Nikalala vizuri.

Jumatatu saa mbili asubuhi benchi lilikuwa limejaa. Mashine zetu zilikuwa za mtumba, zimekuja nchini zikiwa zimetumika, zinaendeshwa na Windows XP, na kila moja ilikuwa na memori ya megabaiti 256. Kivinjari cha zamani kilienea humo kwa shida. Kipya hakikuenea. Waliokitengeneza walikuwa wameandika wazi kiasi cha memori kinachohitajika, ila mimi sikusoma. Mteja alibonyeza herufi akaingoja. Diski zilikwaruza ndani ya makasha kama panya juu ya dari. Vitufe vilikuwa vimehamishwa, kwa hiyo hata waliokuja kila siku waliniita mmoja baada ya mwingine: kaka, mahali pa kurudi nyuma pamekwenda wapi?

Kwenye mashine namba tano aliketi msichana aliyepata nafasi chuoni, akiomba ufadhili kwa fomu ya mtandaoni iliyokuwa inafungwa saa sita mchana. Alikuwa na bahasha ya kaki magotini, ameishika kwa mikono miwili kila alipoacha kuandika. Aliandika jina lake na majina ya wazazi, mashine ikaganda. Nikaiwasha upya, akaanza tena. Ikaganda. Mara ya tatu alifika ukurasa wa mwisho, kisha skrini ikawa nyeupe yote. Akainuka, akaitia bahasha kwapani, akasema, "Asante, kaka," akatoka akipanda kilima mbio kutafuta saiba nyingine. Ilikuwa saa tano na robo. Sikumdai kitu, na sikumwona tena.

Mzee alirudi akakuta benchi tupu. Nilimweleza yote. Hakupandisha sauti.

"Ile ya zamani iko wapi?"

"Sikuiweka mahali, Mzee."

"Basi nenda ukaitafute."

Niliambiwa kuna fundi Kawangware mwenye CD za programu za kila aina. Nilitembea kwa miguu, nikashika Ngong Road kisha Naivasha Road, hadi kibanda chake karibu na steji ya 46. Alikuwa dada wa miaka 30 hivi, amezungukwa na makasha yaliyofunguliwa matumbo. Alinisikiliza huku akisafisha kipande cha memori kwa kifutio cha penseli, taratibu, mstari kwa mstari, pale penye meno ya rangi ya dhahabu.

"Ulijaribu mashine ngapi?"

"Sita, dada."

"Na ziko ngapi?"

"Sita."

Aliweka kifutio chini. "Mdogo wangu, hata anayepika pilau ya arusi huonja kwa kijiko kimoja."

Alinipa CD, akaniandikia juu ya kasha lake maneno mawili kwa kalamu ya wino mzito: MOJA KWANZA. Usiku ule nilirudisha toleo la zamani kwenye mashine zote. Lakini somo nililotoka nalo lilikuwa tofauti na lile lililoandikwa juu ya kasha. Dada aliniambia nionje kwanza. Mimi nilisikia kwamba chakula kipya kina sumu.

Nikaingia kwenye mipangilio ya kila mashine, nikazima apdeti. Kisanduku cha kijivu hakikuonekana tena, na kwa miaka mitatu nilijisifu kwa hilo. Saiba jirani zilipolalamika kwamba bando linaliwa na mashine zenyewe usiku, mimi nilitulia. Na dunia ilionekana kunipa haki. Kuanzia Juni 2011 Mozilla iliacha kungoja mwaka mzima kutoa toleo, ikaanza kutoa moja kila wiki sita, kama Google ilivyokuwa inafanya na Chrome. Namba zikakimbia: la tano, la sita, la saba. Niliwaza, kumbe Mzee alisema kweli, misala yote hii inapita tu. Mwenye akili hukaa kwenye mbacha wake.

Kitu ambacho sikukielewa wakati huo nitakieleza hapa, kwa sababu ndicho kiini cha yote. Toleo jipya huja limebeba mizigo miwili kwenye gunia moja. Mzigo wa kwanza ni sura: vitufe vilivyohamishwa, rangi, mambo mapya ya kuvutia. Mzigo huo mtu anaweza kuuchelewesha mwaka mzima asiumie. Mzigo wa pili ni viraka. Kivinjari ni programu ya ajabu, maana kazi yake ni kufungua kurasa zilizoandikwa na watu usiowajua na kuendesha maagizo waliyoyatia ndani yake. Kikiwa na tundu, ukurasa mbaya unaweza kupenya hapo na kuingia kwenye mashine yenyewe. Waliokitengeneza wakiliona tundu hulishonea kiraka, kisha hutangaza wamelishonea wapi. Tangazo hilo husomwa na wote, wezi wakiwemo. Kwa hiyo siku kiraka kinapotolewa, aliyekipokea analala salama zaidi ya jana, na aliyekikataa analala katika hatari kubwa kuliko jana, kwa sababu tundu lake sasa linajulikana.

Hili lingepaswa kuniingia akilini bila kufundishwa. Kila mwaka, kabla ya mvua za masika, Mzee alipanda juu ya paa la saiba na kopo la lami na vipande vya mabati. Mimi nilimshikia ngazi. Aligusa kila msumari kwa kidole, na palipokuwa na kutu alipaka lami, akabandika kipande, akagonga. Hakungoja kuona maji. Ukikaa Mashimoni huhitaji kuambiwa maji huelekea wapi. Nilisimama chini nikiwa nimeshika ngazi ile, miaka mitatu mfululizo, na ndani ya chumba mashine sita zilikuwa hazina hata kiraka kimoja.

Kisha mambo ya watu yakabadilika, na yakabadilika kwa haraka. Nilipoanza kazi, wateja walikuja kusoma Yahoo na kuangalia Facebook. Mwaka 2014 serikali ilizindua eCitizen, tovuti ya huduma zake, na mambo ya kodi nayo yakahamia tovuti ya iTax. Saiba ikawa ofisi. Mtu aliketi kwenye mashine akaandika namba ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa, jina la mama yake, PIN ya mamlaka ya kodi, KRA. Juni ilipokaribia kwisha foleni ilifika nje, kila mtu anawahi kupeleka ritani kabla ya tarehe 30. Mwaka huo huo, tarehe 8 Aprili, Microsoft iliacha kutoa viraka vya Windows XP, mfumo uliokuwa umetoka 2001. Nilisikia habari hiyo kwenye redio nikazidisha sauti ya muziki uliofuata.

Kulikuwa na mama mmoja muuza omena. Alikuja kila Jumapili baada ya kanisa, amevaa leso safi, kusoma barua pepe za mwanawe aliyekuwa akifanya kazi ya ulinzi Doha. Mimi ndiye niliyemfungulia akaunti. Nywila yake niliiandika mwenyewe kwa kalamu kwenye karatasi ya daftari, naye aliikunja mara nne akaifunga kwenye pindo la leso, pale anapofunga pesa. Aliketi daima mashine namba tatu kwa sababu ya mwanga wa dirisha. Alifungua fundo, akanyoosha karatasi juu ya kibodi, akabonyeza herufi moja moja kwa kidole cha shahada, akiitaja kila moja kwa mdomo bila sauti. Hakunipa karatasi nimbonyezee. "Hiki ni chetu mimi na mwanangu," alisema.

Siku moja alikuja katikati ya wiki, na leso ya kazi yenye magamba ya samaki. Mwanawe alikuwa amempigia simu kumpa pole ya ugonjwa. Alikuwa amepokea barua kutoka kwenye akaunti ya mama yake, ikisema amelazwa hospitali na pesa zitumwe kwa namba fulani. Akatuma mshahara karibu wote. Mama hakuwa amelazwa popote, wala hakuandika barua hiyo, wala namba haikuwa yake.

"Mwanangu," aliniambia, "ile karatasi sijaionyesha mtu." Akafungua fundo kunionyesha kwamba bado ipo.

Nilikwenda Kawangware kwa mara ya pili. Safari hii dada fundi alikuja nami. Aliketi mashine namba tatu kwa saa mbili bila kusema neno, kisha akaniita. Ndani kulikuwa na programu iliyojificha, kazi yake kunakili kila kibonye kinachobonyezwa na kukipeleka mbali. Mama alikuwa amelinda karatasi yake kikamilifu. Vidole vyake ndivyo vilivyosomwa. Dada akanionyesha namba ya toleo la kivinjari, ile ile niliyoirudisha kwa mikono yangu miaka mitatu nyuma. Tundu ambalo programu ile ilipitia lilikuwa limezibwa zamani, katika matoleo ambayo niliyafungia mlango.

Nilimweleza Mzee jioni hiyo. Alinyamaza mpaka nikadhani hakusikia. Kisha akautoa ule mkeka wake nyuma ya printa, akaukunjua nusu, akanionyesha pale palipochanika.

"Huu ni wangu," alisema. "Ukinichoma magoti, nimeumia mimi, na nimeridhia. Zile mashine tunawakalisha watu."

Ameshafariki sasa, Mwenyezi Mungu amrehemu. Nimeyafikiria maneno yake zaidi ya kitabu chochote nilichowahi kusoma. Tulikuwa tumeitumia methali kana kwamba inasifu uzee wa kitu. Methali haisifu mbacha. Mbacha ni mkeka uliochakaa, na jina lenyewe linasema hivyo. Kinachosemwa ni kwamba ule msala mzuri unapita tu, na anayeuacha mkeka wake kuufuata atabaki ameketi chini. Na neno zito humo ni lile "o" la mwisho, mbachao, mbacha wako wewe. Inazungumza na mtu anayeamua juu ya kikalio chake mwenyewe. Mimi nilikuwa naamua juu ya kikalio cha mama wa omena, na sikumuuliza. Akiba ya bando ilibaki kwangu, hasara ikaenda Doha.

Mzee alimlipa mama yule pesa zote, kidogo kidogo, kila Jumapili, kutoka kwenye mapato ya saiba. Nilimwomba akate mshahara wangu. Alikata nusu, akasema nusu nyingine ni yake, kwa sababu saiba ni yake na yeye ndiye aliyenipa ile methali.

Baada ya hapo tulijifunza kuapdeti kama kazi, tukaacha kuifanya kama sherehe au kama adhabu. Dada fundi alinifundisha jambo ambalo ningelijua miaka miwili mapema kama ningekuwa natafuta. Mwanzoni mwa 2012 Mozilla ilikuwa imeanza kutoa tawi la pili la Firefox, liitwalo ESR, kwa ajili ya shule, ofisi na mahali penye mashine nyingi zinazotumiwa na wengi. Tawi hilo hukaa na sura ile ile kwa takriban mwaka mmoja, lakini viraka vya usalama hulifikia kila vinapotoka. Ule mzigo wa sura na ule wa viraka ulikuwa umetenganishwa. Kilichokosekana kati ya pupa yangu ya 2011 na woga wangu uliofuata kilikuwa kimewekwa tayari na watu waliofikiria saiba kama yetu bila kuijua.

Tukaweka utaratibu. Toleo lolote jipya huanza kwenye mashine ya mlangoni, ambayo niliitumia mimi. Hukaa hapo siku tatu. Faili hupakuliwa mara moja, hubebwa kwa flashi, na la zamani huwekwa kwenye bahasha mpaka mwezi upite. Kila badiliko huandikwa kwenye daftari: tarehe, mashine, toleo, kilichoharibika. Na sura ikibadilika, karatasi hubandikwa pembeni mwa skrini yenye mchoro wa mahali kitufe kilipohamia. Hiyo karatasi niliiona ndogo, lakini ndiyo iliyosaidia kuliko yote. Mtu mzima aliyejifunza njia moja ya kufika kwenye barua za mwanawe, ukimhamishia mlango usiku bila kumwambia, humpi maendeleo. Unampotezea njia.

Mwaka 2016 kisanduku kilikuja na sura nyingine kabisa. Mwezi Aprili Google iliacha kutoa Chrome kwa Windows XP. Firefox iliendelea kuivumilia XP hadi 2018, kupitia toleo la 52 la lile tawi la ESR, lakini tuliona upepo unakoelekea. Swali lilikuwa limeacha kuwa la kivinjari. Kivinjari kizuri juu ya mfumo usio na viraka ni kufuli mpya kwenye mlango ulioliwa na mchwa. Mzee alipiga hesabu usiku mzima kwa penseli. Mashine mbili tukaziuza kama vyuma. Nne tukaziongezea memori hadi gigabaiti moja na kuziwekea Lubuntu, mfumo mwepesi usiolipiwa, ambao kivinjari cha kisasa kilikaa juu yake bila kuhema. Tulibaki na mashine nne badala ya sita. Mapato yalipungua miezi ya kwanza. Mzee hakunung'unika. Alisema afadhali watu wangoje benchini kuliko waketi juu ya msumari.

Watu huniambia mambo haya yamepitwa na wakati, maana leo kila mtu ana simu. Ni kweli, na simu ni kikalio cha mtu mwenyewe kuliko mashine yoyote ya saiba. Lakini nimeona mweka hazina wa chama cha kina mama 15 akitunza rekodi zote kwenye simu moja ya zamani. Mwisho wa 2023 Chrome mpya ilianza kuhitaji Android 8 kwenda juu, na simu yake iliyokuwa chini ya hapo ikabaki bila viraka hivyo. Nilimwambia waziwazi: dada, simu ni yako, siri zilizomo ni za watu 15. Wakachanga wakanunua nyingine. Haikuwa rahisi. Ni pesa ambazo zingelipa karo, na sitamcheka mtu yeyote anayeahirisha kwa sababu hana. Ninachomwomba ni ajue anaahirisha kwa gharama ya nani, na wale wengine wajue pia.

Siku hizi nina saiba yangu Kawangware, mashine nane, si mbali na pale palipokuwa kibanda cha dada fundi. Windows 10 ilipofika mwisho wa viraka vyake vya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, kijana ninayefanya naye kazi aliniuliza lile swali ambalo mimi nilimuuliza Mzee.

"Kaka, tuapdeti?"

Nilimjibu kwa swali ninalojiuliza kila mara: nani ataketi hapa kesho? Kama kesho ni tarehe 29 Juni, watu wa ritani wamejaa, tusiguse sura ya kitu chochote, mashine ya mlangoni peke yake ndiyo ionje. Kama kilichokuja ni kiraka, kisivuke wiki, maana atakayeketi kesho ataandika kitambulisho chake. Kama mfumo mzima umeachwa na waliouunda, tuanze kuweka akiba leo, na tukubali kupungua kabla hatujalazimishwa. Hakuna jibu moja la ndiyo au hapana linaloenea hali hizi zote. Kuna mtu, na siku yake, na kile anachokuja kukiandika.

Daftari lile la Mashimoni ninalo bado. Limejaa mwandiko wangu, matoleo na tarehe. Lakini ukurasa wa kwanza ni mwandiko wa Mzee, kwa penseli, na hauna namba ya toleo lolote. Una safu ya Jumapili kumi na nne, na mbele ya kila Jumapili kiasi alicholipwa mama wa omena. Kila kijana ninayemwajiri nampa ukurasa huo ausome kabla sijamwonyesha mahali pa kuwashia mashine.